Watoro Sitini na Nne

Bi Kazija aliingia nyumba ya mwanawe, mtaa wa Mpendae, siku ya Jumanne baada ya alasiri. Alivua viatu mlangoni, akatoa salamu, akalikataa kochi. Alikaa chini kwenye mkeka na mkoba wake kaupakata, kama mtu anayengoja kuitwa kwenye ofisi ya watu. Mkwewe Nadra ndio kwanza anarudi kazini, hata buibui hajavua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi, ikaishia hapo. Nadra alileta chai na mkate wa ufuta. Chai ikapoa, mkate ukabaki mzima. Ridhwan, mumewe Nadra, alipoingia na mikono yake myeusi kwa vumbi la viyoyozi vya hoteli za watu, alitazama mkate ule akajua kuna jambo. Mama yake alikuwa ananyamaza mara mbili tu: anaposali na anapokasirika. Na wakati wa sala ulikuwa ushapita.

"Mama, kuna nini Bwejuu?"

"Muulize mkeo. Ndiye mwenye mashine."

Nadra alikaa chini mbele yake. "Niambie mwenyewe, mama. Usinizungushe."

Basi Bi Kazija akasema, na alipoanza hakupumua. "Nimekwenda juzi kupima mwani. Magunia mawili, nimeyakausha mwenyewe, nimeyabeba mwenyewe. Karani wa mizani anatazama simu yake, ananambia, 'Bi Kazija, wewe hapa mtoro.' Nikamwambia, nani? Akanigeuzia simu. Jina langu, Kazija Makame Pandu, na rangi nyekundu. Mtoro! Na watu wamejaa pale. Bi Time alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi naingia bahari ile tangu huyu Ridhwan yuko mgongoni! Halafu mmoja akasema, 'Si mkweo ndiye aliyeitengeneza hiyo?' Hapo ndipo nilipokatika maini."

"Peke yako?" aliuliza Ridhwan.

"Sitini na nne. Na Jumamosi mradi unagawa kamba na maboya ya kulimia maji ya kina. Pwani mwani unakufa kwa joto, asiye na maboya mwakani hana kazi. Na wameshasema, mtoro hapewi."

Nadra alikuwa akiujua mstari wenyewe wa programu, kwa sababu aliuandika yeye.

*

Kampuni ilikuwa katika nyumba ya zamani Mkunazini, ghorofa ya pili, ngazi zake zimesimama kama za mnazi. Mkurugenzi, Bwana Mansour, aliwahi kuhudhuria kozi ya wiki sita ng'ambo, akarudi na mambo mawili: fulana nyeusi za kola, na mkutano wa kusimama. Kila asubuhi saa mbili wafanyakazi wote husimama duara, ati kwa sababu mtu akisimama hasemi sana. Wengine kweli hawakusema sana. Mansour alisema saa nzima, na siku nyengine saa moja na nusu, huku mhasibu mwenye goti bovu akijiegemeza kwenye jokofu.

Waliokuwa wakiandika programu walikuwa sita. Wanne wakaondoka mmoja mmoja, na kila alipoondoka mmoja Mansour alisema kampuni sasa imekuwa nyepesi. Wakabaki Nadra na Kheir. Mwaka uliopita Nadra aliomba nyongeza ya mshahara, akapewa cheo. Akawa Mkuu wa Idara ya Ubora, na katika idara hiyo alikuwa yeye na kiti chake.

Ule mfumo wa wakulima wa mwani haukuandikwa kwa ajili ya mwani. Ulikuwa mfumo wa mahudhurio ya watumishi wa hoteli. Mansour aliusaini mradi huku hajafika Bwejuu hata kwa kuogelea, akatoa wiki tatu kazi iwe imekwisha, na njia iliyokuwepo ni kuuchukua ule wa hoteli na kuubadilisha majina. Mhudumu wa hoteli asipobonyeza "nipo" siku saba ni mtoro, anafutwa kwenye orodha. Mwezi wa tatu Nadra alimwambia kabisa, wakulima wa mwani wanafuata mwezi wa angani, si wiki. Bamvua likiwepo, maji yanakupwa mbali na wao wanaingia. Maji yakiwa mafu hayakupwi, hakuna pa kufanyia kazi, wanakaa nyumbani siku saba, nane, hata tisa. Mansour alimjibu, "Andika hivyo hivyo. Tutarekebisha toleo la pili." Nadra akaandika hivyo hivyo. Toleo la pili halikuja.

Jumatano ile zamu yake ya kusema ilipofika, alisema, "Wakulima sitini na nne wameandikwa watoro na si watoro. Nnataka siku moja ya kurekebisha."

"Hilo tushalijadili," alisema Mansour.

"Lini?"

"Nadra, mkutano huu si wa kubishana. Mwengine."

Mwengine alikuwa Kheir. Kheir alitazama viatu vyake, akasema yeye anaendelea na kazi ya jana. Alikuwa akisema hivyo hivyo tangu mwezi wa Ramadhani.

Baadaye Mansour alimwita Nadra chumbani kwake, kwenye kiyoyozi pekee kilichokuwa kinafanya kazi. Akamsogezea karatasi. Ilikuwa kwa Kiingereza kizuri, cha kunyooka.

"Mradi hawagawi kitu mpaka wapate orodha iliyothibitishwa na Mkuu wa Ubora," alisema. "Ndivyo mkataba unavyosema. Saini hapo chini."

Nadra aliisoma. "Hapa inasema mfumo uko sawa na hawa hawakufanya kazi."

"Inasema mfumo uko sawa kwa mujibu wa makubaliano."

"Na hawa hawakufanya kazi."

Mansour alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, tuseme kweli. Alikuwa mtu anayeahidi kwanza na kufikiri baadaye, na sasa ahadi zilikuwa zimemzunguka. "Sikiliza, dada yangu. Nikisema tumekosea, hawatupi kazi ya Pemba. Bila ya Pemba hatufiki Disemba. Kheir ana watoto watatu. Mkataba wako unakwisha tarehe thalathini, sivyo? Ukisaini leo, nakuandikia mwaka mmoja leo leo."

"Na nisiposaini?"

"Kwa nini usisaini? Hao wanawake wenyewe hata kusoma hawajui."

Nadra aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani. "Nipe mpaka kesho."

*

Ridhwan aliisikiliza habari yote huku anavuta kidole kimoja kimoja, kama alivyozoea anapopiga hesabu. Msimu wa wageni ulikuwa mbali. Hoteli tatu kati ya tano alizokuwa akizihudumia zilikuwa zimezima viyoyozi. Kodi ya nyumba hulipwa kwa mshahara wa mkewe, na mwenye nyumba alikuwa analijua hilo, ndiyo maana akija huuliza, "Bibie yupo?" hamuulizi yeye.

"Saini," alisema kwa sauti ya chini, maana mama yake alikuwa jikoni. "Wallahi sikwambii kwa kupenda. Mama nitamnunulia kamba mimi."

"Utamnunulia. Na wale sitini na tatu?"

"Hao wana watoto wao."

"Na maboya je? Unaijua bei yake maboya?"

Bi Kazija akatoka jikoni anafuta mikono kwa kanga. Nyumba ya vyumba viwili haina siri.

"Hiyo karatasi iko wapi?" aliuliza. "Nisomee."

"Ni ya Kiingereza, mama."

"Wewe si unakijua? Nisomee kwa Kiswahili."

Nadra aliifungua. Mchana kutwa alikuwa ameisoma mara tano, sita, na kila mara ilipita kama karatasi zote za ofisi zinavyopita. Sasa ikambidi aitie maneno ya nyumbani, moja moja, na kila neno alilolitafuta lilikuwa zito kuliko lile lililoandikwa.

"Mimi, Nadra... nathibitisha kwamba mfumo huu... hauna kosa. Nathibitisha kwamba wanawake sitini na nne... ambao majina yao yapo hapa chini... waliacha kazi kwa hiari yao. Hawakujituma. Na kwamba wasipewe vifaa."

"Rudia hapo."

"Wapi, mama?"

"Waliacha kazi."

"Waliacha kazi kwa hiari yao."

Bi Kazija alitikisa kichwa kidogo, kama anayekubaliana na bei. "Na jina langu la ngapi?"

"La kumi na tisa."

Ridhwan alisimama akaenda dirishani. Hakusema tena habari ya kusaini, si usiku ule wala baadaye.

"Sasa nisikilize mimi," alisema Bi Kazija. "Mimi nilikuja kukutukana. Nimetoka Bwejuu na matusi yangu nimeyapanga, nimekuona umechoka nikayameza. Lakini usiache kazi kwa ajili yangu. Ukifukuzwa, Bwejuu yote watasema Kazija kamharibia mkwewe riziki. Sitaki."

"Si kwa ajili yako, mama."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kosa nimeliandika mimi. Mansour aliniambia, lakini mkono ni wangu. Nilijua si kweli nikaandika."

Bi Kazija akauvuta ule mkate wa jana uliobaki, akaumega, akala. "Chukua kalamu," alisema huku anatafuna. "Nikutajie siku za bamvua tangu mwezi wa mfungo nne. Wewe unahesabu kwa wiki, ndiyo maana unatuandika watoro."

*

Alhamisi Nadra na Kheir waliandika marekebisho. Kheir ndiye aliyekuja mwenyewe, kavuta kiti, akasema, "Sogea, hiyo tarehe umeipindua." Ilikuwa mistari ishirini tu. Lakini kuiingiza kwenye mfumo kulihitaji neno la siri, na neno la siri alikuwa nalo Mansour peke yake, kwa sababu kule kwenye kozi walimwambia kiongozi lisimtoke mkononi.

Nadra aliingia chumbani kwake na karatasi mbili. Moja ilikuwa ile aliyopewa jana, haina saini. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili, ukurasa mmoja, ina saini: kwamba mfumo una kosa, kwamba kosa ni la kampuni, kwamba aliyeliandika ni yeye, kwamba tarehe zote za hao sitini na nne zimeangukia maji mafu, na kwamba dawa iko tayari inangoja ruhusa.

Mansour aliisoma, akageuka rangi. "Hii haitoki humu ndani."

"Ruhusu marekebisho, basi. Haitahitaji kutoka."

"Nikibadilisha orodha siku mbili kabla, watauliza kwa nini."

"Waambie kwa nini."

"Nitasaini mwenyewe!"

"Wewe si Mkuu wa Ubora, Bwana Mansour. Ni mimi. Uliwaandikia mradi mwenyewe, na ukaweka picha yangu."

Mansour akasimama, akakaa, akasimama tena. "Acha kompyuta ya kampuni hapo. Nenda nyumbani. Mkataba wako uhesabu umekwisha."

Nadra aliiweka mezani, na waya wake kauzungusha vizuri. Mansour akaifungia kabatini, na ufunguo akautia mfukoni, kama kwamba kosa lenyewe lilikuwa limelala mle ndani. Mhasibu alimfuata Nadra mpaka kwenye ngazi na goti lake. "Barua unayo?" alimnong'oneza. Nadra akapiga mkoba wake. "Basi shuka polepole," alisema mzee. "Ngazi hizi zinatereza."

*

Jumamosi Ridhwan aliazima pikapu ya viyoyozi, wakateremka Bwejuu watatu mbele, Bi Kazija katikati. Penye ghala la mwani palikuwa na turubai, viti vya plastiki, na bango lenye jina la kampuni. Kamba zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu, na maboya ya rangi ya machungwa yamerundikwa kama madanzi. Wanawake mia mbili na zaidi walikaa chini. Sitini na nne walikaa upande wao, hakuna aliyewaambia.

Ofisa wa mradi, Bi Maisara, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa mezani na orodha. Mansour alikuwa pembeni yake na fulana yake nyeusi, kwenye jua lile, anatoka jasho. Alipomwona Nadra alisimama.

"Huyu si mfanyakazi wetu tena," alimwambia Maisara kabla hajaulizwa.

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Orodha yangu haina saini, Bwana Mansour. Umenambia utaileta hapa." Akamgeukia Nadra. "Wewe ndiye mwenye saini?"

"Ndiye mimi." Nadra akampa barua.

Maisara aliisoma taratibu, halafu akaisoma tena. Wanawake walianza kunyamaza, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Haya ni maneno mazito," alisema Maisara. "Umefukuzwa juzi, leo unakuja na barua. Mtu atasema una hasira zako."

"Nnazo. Lakini tazama tarehe."

"Tarehe za maji mimi sizijui, mwanangu. Mimi mtu wa mjini, kwetu Mtoni. Nitajuaje kama hawa walikaa kwa sababu ya maji, na wale wengine mia na hamsini waliingia siku zile zile?"

Hapo Nadra alikwama. Swali lilikuwa la haki, na yeye hakulifikiria. Mansour akaliona hilo. "Sawasawa," alisema. "Kama maji hayakukupwa, wale waliingiaje?"

Upande wa wale mia na hamsini mtu akakohoa. Alikuwa Bi Time, yule aliyecheka mpaka akashika ukuta. Akainuka kwa kusaidiwa na bega la mwenzake.

"Mie sina rangi nyekundu," alisema. "Mie kwenye hiyo simu ndiye mchapakazi wa kwanza Bwejuu nzima. Mjukuu wangu ananibonyezea 'nipo' kila asubuhi kabla hajenda skuli. Siku tatu nilikuwa harusini Makunduchi nakula pilau, na kwenye simu niko baharini!"

Watu wakaangua kicheko. Binti yake akamvuta kanga. "Mama, kaa! Utakosa kamba!"

"Nikose! Nimemcheka Kazija mbele za watu, na yeye kosa lake hakusema uongo. Maji mafu nani anaingia? Kuna mtu hapa aliingia? Ainuke!"

Hakuinuka mtu. Akasema mmoja, "Mimi ananibonyezea mume wangu." Mwengine akasema, "Mimi nnabonyeza nikiwa kitandani." Mwengine, mkali, akasema nyie mtatukosesha sote, nyamazeni. Lakini maneno yalikuwa yashatoka, na karani wa mizani alikuwa anatazama simu yake kama mtu aliyeshika kaa.

Maisara alivua miwani akaifuta. "Bwana Mansour, hili linarekebishika?"

"Linarekebishika. Liko tayari," alisema Mansour, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Lirekebishe basi. Sasa hivi."

"Liko kwenye kompyuta."

"Kompyuta iko wapi?"

Mansour aligusa mfuko wake. "Kabatini. Mjini."

Maisara aliichukua orodha akaichana katikati, akaomba daftari. Ghalani likapatikana moja la kurasa tisini na sita, jalada limeliwa na chumvi. "Leo sitagawa," aliwaambia wanawake. "Tunaandika upya, kila mtu aseme mwenyewe. Kugawa Jumamosi ijayo." Manung'uniko yakapanda. Wengine walikuwa wametoka mbali, na aliyetazamwa kwa jicho baya alikuwa Nadra, si Mansour. Mwanamke mmoja alimpita karibu akamwambia, "Nyie watu wa kompyuta nyie, mungetuachia daftari letu tangu mwanzo."

Nadra alikaa juu ya fungu la kamba, akalifungua daftari pajani.

"Ukimaliza kuandika, nani atalitia kwenye mashine?" aliuliza Maisara. "Kampuni hii siipi tena."

"Mimi. Lakini si kwa wiki tatu. Nikae hapa mabamvua mawili, nione wanavyofanya, ndiyo niandike."

"Sina fungu la kukulipa mabamvua mawili."

"Ikifanya kazi utanilipa. Isipofanya, usinilipe."

"Nadra!" alisema Ridhwan.

"Nini?"

Ridhwan alimtazama, akamtazama mama yake, akatazama pikapu ya kuazima. "Hakuna. Nauliza utalala wapi."

"Kwangu," alisema Bi Kazija. "Lakini ajue kwangu hakuna kulala mpaka jua litoke."

"Mnaongea nyie," mtu akapiga kelele kwenye foleni, "na sisi tunaungua!"

Nadra akapiga mstari wa kwanza kwa kalamu. "Haya. Jina?"

"Muzdalifa Simai Vuai."

"Bi Muzdalifa, bamvua lililopita uliingia siku ngapi?"

Mwanamke alifunua kiganja chake kilichokatwakatwa na kamba, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alifika wa nne, akakosea, akarudi mwanzo. Nadra aliinua kalamu kwenye karatasi, akangoja mpaka amalize.